Upande wa Kushoto wa Asumani

Mfunguo Tano, tarehe 2, Jumapili, mwaka 1304 wa Hijra

Kwa jina la Mungu aliyenipa vidole kumi vya kufanyia kazi na ulimi usiojua kukaa kimya. Mimi Bulaimu, mshonaji wa kanzu na kofia hapa Kindu, nimepata karatasi kumi na mbili kutoka kwa watu wa msafara waliotoka Nyangwe. Zimelowa pembeni lakini zinaandikika. Nitaandika habari za mvua hizi mpaka zikatike au karatasi ziishe.

Jana dhoruba kubwa ya kwanza ilitupiga. Boriti ya banda la mitumbwi ilianguka ikampiga Asumani kichwani, upande wa kulia, juu kidogo ya sikio. Asumani ndiye nahodha wa mtumbwi mkubwa wa kuvukia mto Lualaba, na ndiye mume wa dada yangu Hawa. Amelala, hajitambui. Hawa ameketi kando yake, hataki kula wala kuambiwa ale.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunisoma. Mimi na Asumani hatuzungumzi tangu Idi. Nilimshonea kanzu ya sikukuu, akaivaa bandarini mbele ya watu akasema mkono mmoja nimemshonea yeye na wa pili nimemshonea kaka yake mrefu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mkono wa kushoto ulizidi kwa upana wa kidole, haukuzidi zaidi ya hapo. Nilipima.

Hata hivyo leo nimekwenda mara sita hadi mlangoni kwake, na mara sita nimerudi bila kubisha hodi.

Mfunguo Tano, 3

Mvua. Hajaamka.

Mfunguo Tano, 4

Mvua. Nimevunja sindano mbili, na sindano hapa hazioti kwenye miti.

Mfunguo Tano, 5, Jumatano

Asumani ameamka, ameomba uji. Hawa alikuja mbio kuniambia, akalia begani kwangu kama alivyolia tulipokuwa wadogo. Mimi na Hawa tulichukuliwa siku moja, ng'ambo ya Kailo, kijiji chetu kilipochomwa, tukaletwa hapa tumefungwa kamba moja. Bwana aliyetuweka nyumbani kwake alitufundisha kusoma na kusali, kisha akafa, tukabaki watu wa hapa. Sina ndugu mwingine chini ya mbingu. Kwa hiyo mume wake akipona nafurahi, hata kama mume mwenyewe ni Asumani.

Mfunguo Tano, 14, Ijumaa

Naandika kwa hasira.

Asumani amekuja msikitini leo mara ya kwanza tangu aumie. Anatembea vizuri, anazungumza vizuri, kovu tu ndilo linaloonekana. Watu walimpisha mstari wa mbele, na mimi nikajikuta nimesimama kushoto kwake. Tukasali. Mwisho wa sala akatoa salamu kuliani, akamwangalia jirani yake wa kulia kwa uso mkunjufu, kisha akainuka. Kushoto hakugeuka kabisa. Salamu ambayo hata adui humpa adui, mimi sikupewa, tena mbele ya msikiti mzima.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu, nikaipita nyumba yangu bila kujua, ikabidi nirudi tena.

Mfunguo Tano, 15

Sikushona kitu. Mto umepanda ngazi mbili.

Mfunguo Tano, 17, Jumatatu

Sasa hii ni dharau ya wazi. Leo Asumani amepita mbele ya baraza yangu amevaa ile kanzu ya Idi. Mkono wa kulia ameuvaa, mkono wa kushoto hakuuvaa, unaning'inia mgongoni unafagia tope. Akapita taratibu, akitazama mbele. Baraza yangu ilikuwa kushoto kwake. Hakunitupia hata jicho.

Nimekata shauri sitakwenda kwao tena.

Mfunguo Tano, 19, Jumatano

Nimekwenda kwao. Hawa ameniita, nami kwa Hawa sina ubishi.

Tulikula wali na samaki, kila mtu na sahani yake ya mbao. Asumani alikula kwa adabu sana. Alimaliza wali wote wa upande mmoja wa sahani mpaka mbao ikang'aa, na nusu ya pili hakuigusa. Mzee Bakari, mkubwa wa bandari, alikuwepo. Akamsifu kwamba tangu ajali amekuwa mcha Mungu, anajizuia, anawaachia wengine. Hata mkono wa kushoto ulitulia pembeni, na nani angeushangaa? Sote twala kwa mkono wa kulia.

Lakini baada ya sifa zote hizo, Asumani akamgeukia Hawa kwa uso wa mtu aliyenyimwa.

"Chakula njo hii tu? Muntu mugonjwa anapewa kidogo namna hii?"

Hawa aliinama, nikaona machozi yanakaribia. Mimi nilikuwa natafuta mwiba wa samaki ulioniponyoka, nikaisogeza sahani yake ili niuchukue, sahani ikazunguka. Wali ulikuwa kushoto, sasa ukawa kulia.

"Ee, sasa umeongeza," Asumani akasema, akala wote.

Nimeacha kuandika mara tatu, nikasimama, nikaketi tena. Mtu anayekudharau hudharau watu. Hadharau wali wake mwenyewe akiwa na njaa.

Mfunguo Tano, 21, Ijumaa

Leo msikitini nimefanya hila. Nimesimama kuliani kwa Asumani. Mwisho wa sala akageuka kwangu, akanishika mkono kwa nguvu.

"Shemeji, ulikuwa wapi hizi siku yote? Mimi nilisema ungali na hasira juu ya ile mukono ya kanzu. Ilikuwa muchezo tu."

Wiki nzima nimetembea mji huu nikimtukana moyoni. Nimeona haya. Na baada ya haya imekuja hofu, nayo haijaondoka.

Mfunguo Tano, 24, Jumatatu

Nimechukua shanga kumi za bluu nikazipanga mstari mmoja mkekani mbele yake. Nikamwambia aziokote zote. Aliokota tano za kulia, moja moja, kwa vidole vyepesi, akasema zimekwisha. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akacheka, akasema ushonaji umenifanya mtoto.

Nikaketi kushoto kwake nikamwita jina. Akageuka kulia kunitafuta.

Nikamwomba anishike kidole kwa mkono wa kushoto, anibane. Alinibana mpaka nikaomba msamaha. Basi mkono una nguvu. Macho hayana ugonjwa, maana nikimshika kidevu nikakigeuza kushoto, anaziona shanga, anasema loo, kumbe ziko, anaziokota. Nikiachia kidevu, baada ya muda mfupi upande ule umekwisha tena. Nilirudia mpaka akachoka nami.

Macho mazima, mkono mzima. Lipo lililokatika katikati yao, na mimi sijui mahali pale panaitwaje.

Mfunguo Tano, 26, Jumatano

Nataka kuliandika hili polepole ili nisije nikadhani niliota.

Nimekwenda kwa Asumani asubuhi, mvua ikiwa imepumzika. Nikamwomba afumbe macho. Nilitaka macho yasiwe na kazi kabisa. Nikamwambia ajione yuko bandarini, anapanda njia ya msikitini, anitajie nyumba anazozipita. Njia ile ameipita kila siku kwa miaka tisa.

"Iko nyumba ya Halima mufinyanzi," akasema. "Kisha kiwanda ya mufua chuma. Kisha ndizi za mzee Bakari. Njo unafika musikitini."

"Njo zote?"

"Njo zote. Kwani iko ingine?"

Alizotaja zote ni za mkono wa kulia kwa mtu anayepanda. Nyumba ya Hadidja, kisima, ghala la pembe za ndovu, vyote vya mkono wa kushoto, hakutaja hata kimoja. Kisha nikamwambia, bado amefumba macho, ageuke pale msikitini ashuke kurudi bandarini.

"Iko ghala ya pembe," akasema bila kusita. "Iko kisima. Iko nyumba ya Hadidja. Kisha maji."

"Na Halima mufinyanzi?"

Akafikiri kwa uso wa huzuni kidogo.

"Halima alihama?"

Nilimwambia hapana, yupo, kisha nikatoka nje bila kuaga. Nimetembea mpaka bandarini, nikapanda, nikashuka, nikapanda tena, nikihesabu nyumba zote pande zote mbili kwa kidole kama mwenda wazimu. Mtu alikuwa amefumba macho. Hakuna alichokuwa akikitazama. Njia aliyoipita ilikuwa kichwani mwake, na kichwani humo humo njia ina upande mmoja tu, akigeuka upande unageuka naye. Zote anazijua, ndiyo maana alizitaja zote kwa safari mbili. Lakini kuzijua hakumsaidii, maana kila anaposimama kuna nusu ya dunia ambayo hawazi hata kuitafuta.

Mimi nilidhani kuona ni kazi ya jicho, kushika ni kazi ya mkono, na akili imekaa mahali pake kama bwana barazani, inaletewa habari. Sivyo. Ninaposhona, jicho, kidole na mawazo ni kitu kimoja kinachokwenda pamoja, sijui wapi kimoja kinaishia. Kwa Asumani kitu hicho kimekatwa nusu, naye hakusikia kikikatwa.

Mfunguo Sita, 2, Jumatatu

Wamechinja mbuzi kwa ajili ya mtoto wa jirani. Nimeomba kichwa, nikakipasua mwenyewe. Ubongo una pande mbili kama karanga mbili ndani ya ganda moja. Aliumia kulia, kilichopotea ni kushoto. Labda nyuzi zinavuka humo ndani, kama ninavyovusha uzi shingoni mwa kanzu. Nimeutazama mpaka inzi wakanishinda.

Mfunguo Sita, 5, Alhamisi

Maulidi mwaka huu yatasomwa ng'ambo ya mto. Leo mzee Bakari ametangaza kwamba wanawake na watoto watavuka kwa mtumbwi mkubwa mchana wa tarehe 12, na nahodha ni Asumani, amepona, ashukuriwe Mungu. Watu walishangilia. Hawa atakuwa ndani.

Mto umejaa. Kila saa unapita mti mzima na mizizi yake. Sisi tunakaa upande wa machweo na mto unakwenda kaskazini, kwa hiyo mtu anayevuka kwenda ng'ambo miti inamjia kutoka kulia. Asumani ataiona yote, ataikwepa, watu watamsifu. Wakati wa kurudi miti itamjia kutoka kushoto.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bakari nikamweleza kila kitu, shanga, wali, nyumba. Alinisikiliza akitafuna tambuu.

"Bulaimu, muji muzima unajua hauongei na ule muntu tangu Idi. Leo unakuja kuniambia haone?"

"Anaona, mzee. Lakini kushoto hakuna kwake."

"Jana kuku wangu alikimbia, Asumani alimushika. Muntu asiyeona anashika kuku?"

"Kuku alikimbilia kulia."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. Jioni habari ilikuwa imeenea mji mzima kwamba mshonaji bado analilia mkono wa kanzu.

Mfunguo Sita, 7, Jumamosi

Nimemwambia Hawa, Asumani akiwepo, maana sikutaka kusema nyuma ya mgongo wake. Nilimwomba asishike usukani mpaka apone sawasawa.

Asumani hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayesikiliza ndoto ya mwenzake. "Shemeji, mimi naona yote. Ningekosa kuona kitu, singejua?"

Na mimi nitajuaje nisichokiona?

Hawa ndiye aliyesimama, akaniita yaya kama kila mdogo huku anavyomwita mkubwa wake. "Yaya, mume wangu alirudi toka kaburini. Ile usukani njo jina lake. Unataka kumurudisha chini sababu ya mukono ya nguo?"

"Hawa, ni wewe utakayekuwa ndani ya mtumbwi."

"Nitakuwa ndani, ndiyo. Na wewe toka kwangu."

Nimetoka.

Mfunguo Sita, 9

Mvua mchana kutwa. Nimeshona kofia nikaifumua, nikaishona, nikaifumua.

Mfunguo Sita, 10

Bandari haina ngazi tena, maji yamefika kwenye nyasi. Hawa amenipita njiani bila salamu. Huyu ameninyima kwa makusudi.

Mfunguo Sita, 11

Nimepata la kufanya. Silipendi.

Mfunguo Sita, 12, Alhamisi

Desturi ya mtumbwi mkubwa ni hii. Kabla kamba haijafunguliwa, nahodha husimama nyuma, huwatazama wapiga kasia na kuwataja mmoja mmoja, na kila anayetajwa hugonga kasia ubavuni. Asiyetajwa hatii kasia majini. Mto ukimchukua mtu ambaye hakutajwa, nahodha atawaambia nini wazazi wake? Lakini siku hizi vijana hawangoji, wakisikia majina mawili matatu wanaanza kuvuta.

Asubuhi nilimfuata Waziri, kiongozi wa wapiga kasia watano wa upande wa kushoto. Nikamwambia, "Leo fuateni desturi ya wazee. Mpaka awataje." Waziri alikuwa kuliani kwa Asumani msikitini wiki iliyopita na kushoto kwake wiki ya kabla, na nadhani yeye pia alikuwa amejiuliza jambo. Hakuniuliza sababu. Kisha nikakagua kamba ya nyuma, nikaizungusha mara mbili kwenye nguzo kwa fundo langu la kushonea, ambalo halifunguki kwa kuvutwa.

Nikapanda, nikaketi miongoni mwa watoto, upande wa kushoto, hatua mbili kutoka kwa Asumani. Hakujua nipo. Hawa aliniona, akageuza uso. Wanawake walikuwa wameanza kuimba, na mzee Bakari alisimama ufukweni na kofia niliyomshonea mimi.

Asumani akasimama. Alipendeza, niseme ukweli. Akaanza kuita.

"Kalume." Kalume akagonga. Akamwita wa pili, akagonga. Wa tatu, wa nne, wa tano. Wote watano walikuwa wamekaa kulia. Asumani akautazama mtumbwi kutoka mbele hadi nyuma, akaridhika.

"Wote wako. Mutumbwi umejaa. Twende."

Kasia tano za kulia zikazama. Za kushoto zikabaki magotini. Mtumbwi ukazungusha pua kushoto, kamba ikakaza, ubavu ukagonga nguzo, wanawake wakaacha kuimba.

"Munafanya nini?" Asumani akasema. "Mbona tunazunguka?"

Nilimtazama Waziri. Waziri alikuwa ameinamisha kichwa, na niliona ni vigumu kwake kuliko kuvuta kasia siku nzima.

"Mukubwa," akasema kwa sauti ndogo, "sisi haukututaja."

Asumani akageuka kulia. "Waziri? Uko wapi? Umechelewa, panda haraka."

"Niko hapa, mukubwa. Niko karibu na mukono yako."

Kisha wa pili wake akataja jina lake mwenyewe, na wa tatu, na wa nne, na wa tano, taratibu, kama watu wanaojitambulisha kwa mgeni. Asumani akazidi kugeuka kulia, akiitafuta sauti ile, akatazama ufukwe, akatazama maji nyuma yake, akageuka bado, mpaka amezunguka mzunguko karibu mzima na uso wake ukawafikia kutoka upande mwingine. Hapo akawaona. Watu watano aliofanya nao kazi miaka tisa, wameshika kasia, wanamtazama. Na mimi kati ya watoto.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile, wala sitaki tena. Nilikuwa nimeyapanga yote yale kwa mikono yangu, na yalipotokea nilitamani ningekosea mimi, nicheke pamoja nao.

Aliulaza usukani, kasia yake ya nyuma, chini kwa uangalifu. "Waziri, shika wewe," akasema. Akashuka, maji yakimfika magotini, nami nikashuka nyuma yake na kufungua fundo. Hawa alisimama ashuke pia, lakini Asumani akamwambia aende akamsomee Mtume. Mzee Bakari alikuwa ameshika kofia mkononi.

Mtumbwi ukaenda. Tukakaa kwenye majani yaliyolowa, mimi kuliani kwake ili anione. Ulipofika katikati ya mto ndipo alipozungumza.

"Walikuwa kumi?"

"Kumi."

"Na mimi nilisema umejaa."

"Ulisema."

"Sikudanganya, Bulaimu. Niliuona umejaa. Hata nafasi moja wazi haikukuwa."

Mfunguo Sita, 13, Ijumaa

Wamerudi salama. Mti mrefu uliwajia kutoka kushoto wakiwa katikati, Waziri akauona mapema. Hawa alipita kwangu akiwa bado amelowa, akasimama mlangoni, akasema, "Yaya, umefanya vizuri, na sijui nitakusamehe lini." Nimemwambia hata mimi sijui.

Mji umeacha kunicheka. Asumani ameketi nyumbani, hataki mtu. Mimi nimerudi kwenye sindano lakini kazi haiendi. Tangu jana kila baada ya mishono michache ninageuza kichwa kushoto kutazama. Kila mara naona mlango, kibuyu, mkeka, ukuta, kila kitu kiko mahali pake na hakuna kinachokosekana, kama yeye alivyoona.